Nani Amekalia Kiti Changu?

3 Juni

Mdogo wangu Mbishi,

Pokea salamu za dada yako mwenye vumbi la plasta puani. Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika, na mgongo wangu tangu lini ukawa na adabu. Kazi ni ile ile ya meno. Madaktari wanatuletea vipimo vya midomo ya watu, sisi tunamimina plasta, tunachonga nta, tunapanga meno ya bandia moja moja mpaka aliyekuwa kibogoyo apate la kuonyesha kwenye picha ya familia. Juzi nilimaliza seti ya mzee mmoja mkali anayewatukana mapokezi kila akija. Mwenzangu wa meza ya pili akaitazama, akasema nimempa yule bwana meno mazuri kuliko tabia yake.

Chumba changu bado ni kile kilicho juu ya duka la rangi. Dirisha nikilifungua nasikia harufu ya tapentaini, nikilifunga nasikia jirani akipiga mswaki. Nimenunua pazia, basi najiona nina nyumba. Mama anaendeleaje? Kwenye simu anasema "mzima, mzima", lakini Mama hata akiwa na homa ya kutetemeka ni mzima. Wewe niambie ukweli. Macho yake je, umempeleka kupimwa au bado unamwahidi?

Haya, kesi. Usijifanye umesahau. Mwaka jana wewe ulikuwa mshitaki wa Nyundo, timu yetu ya kikapu, na mimi wakili wao, kwa hiyo mwaka huu zamu imegeuka: mimi nawashitaki, wewe unawatetea. Na ni kwa barua, kama tulivyokubaliana nilipoondoka. Simu ni ya Mama, anaiweka spika pale mezani na hakuna awezaye kubishana kwa heshima mbele ya spika. Halafu mdomo wako hukana, lakini mwandiko wako naujua. Msimu ukiisha, aliyeshindwa anasema mbele ya Mama, kwa sauti: "Sikujua nilichokuwa nasema." Mwaka jana ulisema kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Nilifurahi sana.

Mashitaka yangu ni haya: Nyundo msimu ujao hawafiki popote. Mnara ameondoka, yule aliyekuwa akidaka kila mpira uliokosa kikapu kama vile anachuma matunda ya kwao. Na mmemweka nani mahali pake? Kijana kutoka ligi ya chini ambaye jezi ya Mnara inampwaya mpaka magotini. Mnadhani mtu akiondoka, ukamvisha mwingine nguo zake, basi mambo yamekwisha? Nafasi ya mtu haizibwi hivyo. Nahodha naye goti lake linafungwa bandeji nyingi kuliko mzigo wa safari, na kocha mpya kila akihojiwa anasema "mfumo, mfumo". Mfumo hauchezi. Jibu, wakili.

Jambo moja dogo. Mechi ya mwisho ya msimu uliopita niliitazama kwenye kompyuta. Unajua viti vyetu huonekana kila wakipiga mitupo huru kwenye kikapu cha kushoto. Nilikuona wewe, umekunja uso kama kawaida. Na kwenye kiti changu niliona mkono wa mtu, mwenye sweta la kijani. Nani huyo? Nauliza tu.

Dada yako

—

11 Julai

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, sikuwa juu ya ardhi. Ile kampuni ya bima imeamua kubadilisha lifti zote za jengo lake, na mimi na wenzangu tumeishi shimoni kama panya, tukikagua nyaya na reli. Wiki iliyopita mhasibu wao alikwama kati ya ghorofa. Nikamwita kupitia mlango, "Usiogope, tunakutoa." Akanijibu, "Sina haraka, fundi, juu kuna kikao." Nikamwacha kidogo apumzike.

Mama mzima, kweli kabisa. Alikwenda kupimwa macho mwenyewe, bila kunisubiri, na amepata miwani. Ningejua nisingemruhusu. Tangu aivae, nyumba haina amani. Ameona vumbi juu ya kabati ambalo lilikuwa limepumzika hapo tangu sisi tukiwa wadogo. Ameona na mvi zangu. Ameniuliza ninangoja nini kuoa, kama vile mvi zilitokea siku ile ile.

Sasa utetezi. Mnara alikuwa mrefu, sikatai. Lakini kumbuka mechi za mwisho: alikuwa akirudi nyuma kulinda kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Timu ni miguu, urefu ni pambo. Ukimtazama huyu kijana mpya, usitazame anaishia wapi juu, tazama anaanzia wapi chini. Mguu wake wa nyuma umeshatua mahali pake kabla mpira haujagonga ubao. Anajua mpira utaangukia wapi kabla mpira wenyewe haujajua. Na Nahodha hahitaji goti zima, anahitaji mtu wa kumpunguzia mbio, na kocha mpya ameliona hilo: anataka wapokezane kuuleta mpira mbele, Nahodha abaki pembeni atupe zile zake za pointi tatu. Kwa hiyo nusu fainali tunafika, na ukibisha jiandae kusema yale maneno mbele ya Mama.

Kuhusu kiti, ni mtu tu. Kilikuwa wazi. Asiyekuwepo na lake halipo, au sivyo? Natania, Dada.

Jitunze. Pazia ni la rangi gani?

Mdogo wako

—

20 Julai

Mbishi,

Salamu utazikuta mwishoni, zikibaki.

Nimeisoma barua yako kazini, nimeisoma nyumbani, nimeisoma nikisubiri chai ichemke mpaka ikakauka sufuriani. Mdogo wangu, mimi nakujua. Tangu uanze kutazama kikapu hujawahi kutazama mguu wa mtu. Wewe hutazama mpira tu, kama paka. Mwaka jana nilikuuliza nani alimkanyaga Nahodha, ukaniuliza, "Kwani alikanyagwa?" Leo umekuwa mtu wa kuona mguu wa nyuma umetua wapi?

"Timu ni miguu, urefu ni pambo." Unajua mara ya mwisho kuyasikia maneno hayo ilikuwa lini? Nilikuwa msichana mdogo nimekaa ukumbini kati ya Baba na nguzo, na wewe ulikuwa nyumbani mgongoni kwa Mama. Baba aliyasema kila mchezaji mrefu alipoingia. Halafu akahama, akaenda kuishi kwa yule mwanamke mwingine, na maneno yake akaondoka nayo kama alivyoondoka na viatu vyake. Mimi sijawahi kuyatoa mdomoni, kwa hiyo hukuyasikia kwangu. Hukuyasikia kwa Mama, maana kwa Mama kikapu ni watu wazima wanaogombania mpira mmoja wakati maduka yamejaa mipira. Na Baba tumeshamzika.

Amebaki mtu mmoja wa kuyasema. Ni yule binti wa kule, sivyo? Mtoto aliyezaliwa huko alikohamia. Ndiye mwenye sweta la kijani. Usinipige chenga tena, maana kila utetezi ulioniandikia ni wake, wewe umeweka wino tu.

Roho inaniuma, na naandika wazi kwamba ni wivu, usihangaike kuutafutia jina zuri. Siku ya mazishi ulimwona alivyosimama pale mbele kabisa akishikiwa mkono, mimi na wewe tumesimama nyuma na majirani, watu wakituuliza sisi ni nani wa marehemu. Alimpata Baba akamla mzima. Alikwenda naye ukumbini msimu baada ya msimu, wakakaa kule juu, ng'ambo ya uwanja, mimi nikijua wapo na nikijikaza nisigeuke. Sasa amepata na kiti changu. Kesho utamtandikia kitanda changu?

Na Mama umemfikiria? Mama akijua umekaa bega kwa bega na mtoto wa yule mwanamke, miwani hiyo mpya ataijaza machozi.

Viti vile viwili tulivitafuta mimi na wewe, kwa jasho letu, tukaapa hakuna atakayetutoa. Tiketi za msimu zinaandikishwa upya mwezi wa tisa. Andikisha vyote viwili kama kawaida, na changu ni changu, nikae nisikae. Kikibaki wazi, kibaki wazi.

Salamu hazikubaki.

Dada yako

—

16 Agosti

Mbishi,

Mwezi unakwisha na hujajibu. Najua hauko shimoni, maana Mama amesema lifti za bima zimeshaanza kazi.

Jumapili nilipiga simu. Mama alikuwa ameiweka spika mezani kama kawaida yake, tunaongea habari za miwani na bei ya vitu, na nikasikia mtu anacheka jikoni. Si wewe, wewe unacheka kama mlango mbovu. Nikamwuliza Mama, "Nani huyo?" Akasema ni redio. Ndipo redio ikauliza sukari iko wapi.

Tangu nizaliwe Mama hajawahi kunidanganya. Hata Baba alipoondoka, aliniketisha akaniambia kama ilivyo. Sasa nimekaa huku napanga meno ya watu nisiowajua, jana nimeharibu seti nzima nikaianza upya, bosi akinitazama. Niambie kinachoendelea katika nyumba yetu. Nyundo waache kwanza.

Dada yako

—

2 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Nitaisema ilivyo.

Si mimi niliyeanza. Ni Mama. Siku ile alipokwenda peke yake kupimwa macho, msimu uliopita ukielekea mwisho, msichana aliyempokea kwenye duka la miwani alimwuliza jina, Mama akalitaja lote, na la ukoo wa Baba, maana hajawahi kuliacha. Yule msichana akasimama. Kazi yake ni hiyo, kuwachagulia watu fremu. Mama anasema hakuhitaji miwani kumjua: "Paji lile la baba yenu, maskini, na hakuna aliyemshauri alifunike na nywele." Akamwuliza anaishi na nani. Akasema peke yake, mama yake ameolewa mbali. Mama akamwambia, basi Jumapili njoo.

Unasema nimfikirie Mama. Nami nilimwambia hayo hayo, nilipomkuta yule binti mezani kwetu akimsomea gazeti. Nilimvuta Mama pembeni, nikamwuliza anawezaje. Akanijibu, "Mwenye kosa amezikwa. Unataka nigombane na nani, na kaburi?" Halafu akasema, "Dada yako usimwambie. Nitamwambia mwenyewe." Kila Jumapili anajiandaa kukwambia, na kila Jumapili simu ikilia anaingiwa na hofu. Ile redio ilimtoka tu mdomoni. Alilala na aibu yake. Dada, Mama anakuogopa. Sote tunakuogopa kidogo.

Nilimpeleka ukumbini kwa sababu aliniomba kitu kimoja tu, kuona mechi kutoka chini, maana Baba alikuwa akimwonyesha kwa kidole viti vyetu kutoka ng'ambo. Sikumwuliza kwa nini Baba alikuwa akitunyooshea kidole. Wewe ungeuliza.

Na sasa hasira yangu, maana na mimi ninayo. Wewe unasema yeye alimpata Baba. Na wewe ulimpata, Dada. Ulikaa kati yake na nguzo. Mimi sikupata hata nguzo. Tangu nikiwa mdogo nilikuuliza Baba alikuwaje, ukanyamaza, au ukaniletea habari za kikapu. Nimekuwa mtu mzima nikijua jambo moja tu kuhusu baba yangu, kwamba aliondoka. Huyu binti ameniambia kwamba mechi ikikazana Baba alitafuna kola ya shati mpaka ikalowa, na kwamba hakuwahi kupata shati lenye kola nzima. Nilicheka mpaka watu wa mstari wa mbele wakageuka. Halafu nikaenda chooni nikalia, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Lakini kiti ni chako, hilo sibishi. Nimeandikisha vyote viwili. Nimemwambia asije tena ukumbini, nikamweleza kwamba dada yangu hataki. Alisema tu, "Ningekuwa mimi, na mimi ningekataa."

Mdogo wako

—

14 Septemba

Mbishi,

Barua imefika. Asante kwa kuandikisha viti.

Nimesoma kwamba Nyundo wamecheza mechi ya majaribio na wamefungwa na timu ambayo mwaka jana ilishuka daraja. Kijana wako mwenye miguu ya maajabu alitolewa mapema kwa makosa. Nahodha hakucheza kabisa, wanasema "kwa tahadhari". Tahadhari ni jina jipya la goti. Kama huu ndio utetezi wako, mahakama haina haja ya kusikiliza zaidi.

Kazi zimeongezeka. Mvua huku zinanyesha na duka la rangi limefurika maji, kwa hiyo ngazi zina rangi za kila aina na viatu vyangu pia. Mama mwambie asihangaike kunieleza chochote kwenye simu. Nimeshaelezwa.

Kuhusu hayo mengine sina la kusema.

Ile kola, ilikuwa ya upande wa kulia au wa kushoto? Usinijibu.

Dada yako

—

20 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Msimu umefunguliwa na Nyundo wameshinda. Najua umeona, lakini wacha nikwambie usichokiona kwenye kompyuta.

Nilifika mapema. Kiti chako nilikiwekea jaketi langu la kazi, lile lenye grisi, mtu asije akajikalisha. Mhudumu akapita akaniuliza, "Hapa kuna mtu?" Nikasema yupo. Robo ya pili akapita tena, akalitazama jaketi, akanitazama mimi, akaondoka. Mama mmoja wa nyuma alitaka kukiazima kwa ajili ya mkoba wake, nikamkatalia, akaniita mchoyo. Alikuwa na haki.

Kijana mpya alicheza vizuri kuliko nilivyokuwa nakuandikia. Robo ya nne, tumelingana, Nahodha akatupa kutoka pembeni, mpira ukagonga chuma ukaruka, na kijana alikuwa ameshasimama pale pale ulipoangukia. Akaurudisha ndani. Ukumbi uliruka wote. Nami nikaruka, nikageuka kushoto nikasema, "Umeona?" Nililiambia jaketi.

Hiyo si habari mbaya. Habari mbaya ni ya nyumbani. Nilimkataza ukumbi tu, lakini Jumapili pia haji tena. Amemtumia Mama ujumbe kwamba kazi zimekuwa nyingi, na duka lile Jumapili linafungwa, hata Mama anajua. Sasa Mama anakaa na gazeti mapajani na miwani machoni na hasomi. Wewe hakulaumu. Ameniuliza mara moja tu kama alimkosea yule binti kitu.

Kwa hiyo umeshinda, Dada. Kiti kiko wazi kama ulivyotaka. Na kesi pia ichukue. Najiuzulu uwakili. Nimejaribu kuandika utetezi wa mechi zijazo, na nagundua umesema kweli, hakuna hata neno langu humo, na mwenye maneno hayupo. Sema wewe Nyundo watafika wapi, mimi nitakubali.

Mdogo wako

—

28 Oktoba

Mdogo wangu Mbishi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mwambie nampigia Jumapili, na aondoe spika, nataka masikio yake peke yake.

Nilikuona. Niliiwahi ile mechi, nikakaa karibu na kompyuta mpaka pua ikagusa kioo. Walipopiga mitupo huru upande wa kushoto nikakuona wewe, na pembeni yako hakuna mkono wala sweta. Nisikudanganye, nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto aliyenyang'anya kitu mwenzake, robo ya kwanza yote, na chai nikajimiminia. Niliona ni haki. Kisha kijana akaurudisha ule mpira, na kamera ikapita juu yenu wote mnaoruka, nikakuona umegeuka, mdomo wazi, unasema na jaketi. Ukabaki umegeuka hivyo. Watu wote wanatazama mbele, wewe peke yako unatazama pembeni. Chai ikanishinda.

Wivu haujaisha, usije ukadhani dada yako amepata malaika huku. Ninao mpaka sasa ninavyoandika. Nikifikiria kwamba kuna mtu aliyekaa karibu na Baba miaka yote ile akimwona akilowesha kola, mkono unataka kuchana karatasi. Lakini nimeona wivu wangu unaishi wapi. Unakaa nyumbani kwetu, unakula Jumapili ya Mama, na yeye anajilaumu.

Kwa hiyo sikiliza. Kujiuzulu sikukubali. Wakili hajiuzulu kesi ikiwa katikati, na wewe hata hivyo ulikuwa wakili dhaifu, ulikuwa unasimama tu na kusoma karatasi ya mwenzako. Nenda pale dukani kwenye miwani, usitume ujumbe, nenda kwa miguu yako. Mwambie Jumapili Mama anamngoja. Mwambie kiti akae, mpaka mkataba wangu huku uishe, na nikirudi tutabanana, na tukishindwa kubanana mtatafuta cha tatu. Mwambie mimi nasema Nyundo hawaoni nusu fainali hata kwa darubini, goti la Nahodha halifiki mwezi wa pili, na kama ana ubishi aniandikie mwenyewe, kwa mkono wake. Sitaki tena kumsoma kupitia kwako.

Akiandika, kuna jambo nataka anijibu. Wewe usimwulize, ni mimi na yeye.

Mwaka ule Nyundo walipochukua kombe, mimi na wewe tulikuwepo. Wewe ulikuwa umeshanikimbia umeshukia uwanjani na wenzako. Mimi nilipanda juu ya kiti. Uliponiuliza kwa nini nililia, nilisema ni furaha ya kombe. Nilikuwa namtafuta Baba. Ukumbi mzima unaimba, watu wanarushiana skafu, na mimi natafuta kichwa cha mtu mmoja kule juu ng'ambo. Nilijua yupo, asingekosa siku ile hata ikibidi abebwe. Sikumwona. Mwaka uliofuata tukamzika.

Yeye alikuwa naye pale. Aniambie Baba alifanya nini filimbi ya mwisho ilipolia, kama aliimba au alikaa kimya. Na aniambie, hata kama jibu ni baya, kama alitazama upande wetu.

Dada yenu